Saa ya mazoezi mkononi: jinsi ya kupima mapigo ya moyo ukikimbia Nakuru, Kisumu na kwingineko magharibi

Kila Jumamosi tukimaliza kukimbia, jasho halijakauka bado, kuna mkono utaletwa mbele ya uso wangu. "Mwalimu, hebu tazama hii saa. Nakufa?" Nasoma: 183. Nashika mkanda, unazunguka kama bangili ya bibi harusi. Hafi. Mkanda umelegea.

Maswali ni yale yale. Wiki jana nimejibu lile la kalori mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Basi nimeyaandika hapa kwa mpangilio ambao ningeufuata kama tungekuwa tumekaa wawili kwenye nyasi. Mimi ni mwalimu tu hapa Nakuru, kwetu ni Kisumu. Si daktari, si kocha wa timu ya taifa. Nimevaa saa hizi miaka saba na nimekosea karibu kila kinachoweza kukosewa.

Neno moja kabla ya hatua. Watu wengi hununua saa ili iwakimbize. Miezi ya kwanza kazi yake ni kinyume: ikuzuie. Ukifika Iten au Kaptagat alfajiri utawaona wakimbiaji wenye medali za dunia wakianza mbio zao rahisi kwa mwendo ambao wewe ungeona haya kuonekana nao. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, kila kilomita ilimchukua kama dakika 2 na sekunde 50. Siku ya mbio rahisi hakimbii hivyo. Sisi wa mitaani ndio tunaokimbia kila siku kama siku ya mashindano, halafu Juni tunaanza kuchechemea.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Saa yenye taa za kijani mgongoni na GPS yake yenyewe. Hapa ndipo wengi huumia dukani: saa nyingi za bei ya chini hazina GPS, zinaazima ya simu. Ukiacha simu nyumbani, umbali unakisiwa kwa hatua. Muulize muuzaji swali hilo moja, na usikubali jibu la "iko na kila kitu."
- Simu yenye programu ya saa hiyo. Garmin, Polar, Coros, Huawei, Amazfit, kila mmoja ana yake.
- Daftari na kalamu. Najua programu inahifadhi kila kitu. Nunua daftari.
- Njia moja ya kukimbilia utakayoirudia, kilomita 3 hadi 5, isiyo na mlima mkali wala kivuko cha matatu.
- Subira ya wiki nne.

Bando halihitajiki ukiwa barabarani. GPS inapokea mawimbi kutoka kwa satelaiti, haigusi data yako. Data kidogo hutumika baadaye, saa inapopeleka mazoezi kwenye simu na simu inapoyapeleka mtandaoni.

Onyo la mapema. Muone daktari kwanza kama umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu, au kama una mimba. Na kama unameza dawa za presha za kundi linalopunguza kasi ya moyo, mfano atenolol, bisoprolol au propranolol, hesabu zote za Hatua ya 5 hazikuhusu. Moyo wako umefungwa breki kwa makusudi. Ukijilazimisha kuifikia namba ya mwenzako utajiumiza bure. Wewe tumia kipimo cha kuongea nitakachokieleza mbele.

Hatua ya 1: Ijaribu saa kabla ya kulipa

Ivae, subiri dakika moja, kisha tafuta mapigo yako shingoni pembeni ya koo kwa vidole viwili. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Linganisha na saa. Tofauti ya mapigo 3 au 4 ni sawa.

Halafu chuchumaa na usimame mara 20, haraka, hapo hapo dukani. Ndiyo, watacheka. Namba ipande, na ukisimama kimya dakika mbili iteremke. Saa bandia huonyesha 72, 75, 73 hata ukiwa unatweta. Niliwahi kuuziwa moja ya hivyo, nikafurahia moyo wangu mtulivu kwa wiki mbili nzima.

Usitumie ile mbinu ya kuifunga saa kwenye taulo au ndizi ili kuona kama "inasoma maiti." Hata saa nzuri inaweza kutoa namba hapo, kwa sababu mwanga wake bado unarudi kutoka kwenye kile kitu. Haithibitishi lolote.

Hatua ya 2: Jaza taarifa zako kwa ukweli

Umri, jinsia, urefu, uzani, mkono unaovalia. Dakika tano. Uzani wa kweli, si ule wa mwaka wa harusi. Weka vipimo viwe kilomita, maana nyingine hutoka dukani zikihesabu maili.

Ukiwa hapo hapo, zima arifa za ujumbe wakati wa mazoezi, na kwenye programu ficha mahali unapoanzia na kumalizia. Ramani inayoanzia langoni kwako kila siku saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ni ramani nzuri sana kwa mwizi.

Hatua ya 3: Ivae inavyotakiwa

Hapa ndipo robo tatu ya matatizo yote huisha, kwa hiyo nivumilie.

Taa za kijani humulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo. Moyo ukipiga, damu hujaa kwenye vimishipa na mwanga unaorudi unapungua kidogo. Kati ya pigo na pigo unaongezeka. Saa inahesabu kupungua na kuongezeka huko. Mwanga wa jua ukipenya pembeni, au saa ikirukaruka, hesabu inaharibika.

1. Sogeza saa juu ya kile kijifupa kinachotokeza kwenye kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja au viwili kuelekea kwenye kiwiko. Si juu ya mfupa wenyewe.
2. Kaza mpaka saa isiteleze ukitikisa mkono, lakini vidole visife ganzi. Ukiivua na kukuta alama hafifu ya duara, umepatia.
3. Legeza tena ukimaliza. Ngozi nayo inataka hewa.
4. Usipake mafuta mahali saa inapokaa. Vaselini ya asubuhi ni adui mkubwa kuliko unavyodhani.

Wengi huniuliza kwa sauti ya chini kama ngozi yetu nyeusi inaichanganya saa. Melanini hufyonza sehemu ya mwanga wa kijani, hilo ni kweli, na saa nyingi hufidia kwa kuongeza nguvu ya taa. Kwa tulivyoona kwenye kikundi chetu, chenye watu wa kila rangi ya Kenya, mtikisiko ndio unaoharibu zaidi. Kaza mkanda kwanza. Mchoro wa tatuu wenye wino mzito ndio unaoweza kuzima kabisa usomaji. Kama unao hapo, hamia mkono wa pili.

Hatua ya 4: Pata mapigo yako ya kupumzika

Siku saba. Ukiamka, kabla ya kwenda chooni, kabla ya simu na kabla ya chai, lala chali dakika mbili na usome namba. Andika kwenye daftari. Siku ya saba jumlisha, gawanya kwa 7.

Mtu mzima wa kawaida huwa kati ya 60 na 100. Wakimbiaji wa muda mrefu wanaweza kushuka hadi miaka ya 40, na kwao si ugonjwa. Wewe usijilinganishe nao. Namba hii ni yako peke yako, na thamani yake inaonekana siku inapobadilika.

Mimi nafuata hivi: ikiwa juu kwa mapigo 5 siku moja, nakimbia polepole tu. Ikiwa juu kwa 10 siku mbili mfululizo, siisogelei barabara. Mara nyingi ni usingizi mchache, matanga ya kukesha, au pombe. Akina dada, siku za kabla ya hedhi huwa inapanda kidogo yenyewe, kwa hivyo linganisha mwezi na mwezi. Lakini huku kwetu, hasa ukanda wa ziwa kuanzia Kisumu hadi Busia, namba ikiruka na mwili ukawa na joto, nenda ukapimwe malaria. Homa hupandisha mapigo takriban 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Saa haijui malaria. Inajua tu kwamba kuna jambo. Usimeze dawa kwa kukisia, na usikimbie "ili utoe jasho."

Hatua ya 5: Weka kiwango cha juu na zoni zako

Saa hugawa mapigo katika zoni tano, kutoka matembezi hadi kufa na kupona. Ili izigawe inahitaji kujua kiwango chako cha juu kabisa, na hapo hutumia kanuni ya 220 kutoa umri. Ipo nyingine iliyochapishwa 2001: 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Ukiwa na miaka 40 zote mbili hutoa 180. Ukiwa na 25, ya kwanza inasema 195 na ya pili kama 190. Ukiwa na 55, ni 165 dhidi ya kama 169. Zote ni wastani wa watu wengi. Wewe binafsi unaweza kuwa juu au chini kwa mapigo 10 na zaidi. Anza nayo, lakini usiiapie.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: "Mwalimu, saa inataka nikae zoni 2, lakini nikianza tu kukimbia inapiga kelele. Nitembee?"

Tatizo huwa ni jinsi saa inavyogawa. Nyingi zikitoka kiwandani huchukua asilimia ya kiwango cha juu pekee. Chukua mtu wa miaka 36: kiwango chake ni 184, na zoni 2, yaani asilimia 60 hadi 70, inakuwa 110 hadi 129. Kwa anayeanza hiyo ni namba ya kutembea kwa haraka. Njia bora inaingiza pia mapigo ya kupumzika. Inaitwa ya Karvonen, kwa jina la mtafiti wa Finland aliyehusika na utafiti uliochapishwa 1957. Unafanya hivi:

1. Toa mapigo ya kupumzika kutoka kwenye kiwango cha juu. Mwenzetu anapumzika 62: 184 – 62 = 122. Hiyo ndiyo akiba yake.
2. Zidisha akiba kwa asilimia ya zoni. 122 × 0.6 = 73, na 122 × 0.7 = 85.
3. Rudisha mapigo ya kupumzika. 73 + 62 = 135, na 85 + 62 = 147.

Zoni yake ya 2 ni 135 hadi 147, si 110 hadi 129. Tofauti kati ya kukimbia na kutembea. Zoni zake zote zinakuwa: 1 ni 123–135, 2 ni 135–147, 3 ni 147–160, 4 ni 160–172, na 5 ni 172 hadi 184. Kwenye mipangilio ya saa tafuta maandishi %HRR, yaani asilimia ya ile akiba ya mapigo, uyachague. Kama hayapo, ingiza namba kwa mkono.

Ukishakimbia wiki nane bila kuumia, na tu kama afya inaruhusu, unaweza kutafuta kiwango chako cha kweli. Pasha mwili moto dakika 15, panda mlima kwa nguvu dakika mbili hadi tatu, teremka polepole, rudia mara tatu, na mpando wa mwisho toa ulichobakisha. Namba kubwa kabisa utakayoona ndiyo hiyo. Sisi Nakuru tunatumia mpando wa kutoka Milimani kuelekea Menengai. Watu wa Kisumu wana Riat. Usiende peke yako, na usiende baada ya mafua.

Hatua ya 6: Rekodi mbio ya kwanza

1. Toka nje mahali peupe, chagua "kukimbia nje," na usibonyeze kuanza.
2. Subiri mambo mawili: GPS iwe imeshika, na namba ya mapigo itulie. Dakika moja au mbili. Ukianza kabla, mita za mwanzo zitachorwa juu ya mabati ya jirani.
3. Tembea dakika tano, kisha kimbia. Asubuhi za Julai hapa Nakuru vidole huwa vya baridi na damu haifiki vizuri kwenye ngozi; saa itasoma upuuzi mpaka mkono upate joto.
4. Weka skrini moja tu yenye vitu vitatu: mapigo, muda, umbali. Ukiweka mwendo wa papo hapo utaufukuza, nakujua.
5. Ukimaliza, simama dakika moja kabla ya kufunga rekodi, na uandike mapigo yalivyo dakika hiyo ikiisha. Jinsi yanavyoshuka haraka ndivyo mwili unavyozoea.

Kuhusu kusimama kwenyewe kwa rekodi unaposimama: iache imewashwa ukikimbia mjini kwenye makutano, izime shambani. Na kimbia ukitazamana na magari. Bodaboda haina zoni 2.

Hatua ya 7: Wiki nne za kujizuia

Mara tatu au nne kwa wiki, dakika 30 hadi 45, ndani ya zoni 2. Mapigo yakivuka, tembea mpaka yashuke, endelea. Ndio mpango mzima.

Kipimo cha kuihakiki saa ni mdomo wako. Uweze kumsimulia mwenzako mechi ya Gor na Ingwe kuanzia dakika ya kwanza, kwa sentensi kamili, pamoja na kumlaumu refa. Ukianza kukata maneno, umevuka zoni, hata saa iseme nini. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Mama mmoja wa kikundi chetu, anayemeza dawa za presha, hukimbia kwa kipimo hiki peke yake, na mwendo wake ni laini kuliko wetu sote.

Wiki ya pili utachoka na utoto huu. Utapitwa na mzee mwenye gunia la makaa kwenye baiskeli. Mwache apite.

Sasa kuhusu mahali. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, Eldoret 2,100, Iten 2,400. Kadiri unavyopanda, kila pumzi inakupa oksijeni pungufu, na moyo hulipa tofauti kwa kupiga zaidi. Mtu wa Kisumu akija Nakuru au akienda Iten kwa mafunzo ataona mapigo juu kwa mwendo ule ule. Wiki mbili tatu mwili unaanza kuzoea. Mpaka hapo shika mapigo, achana na mwendo.

Basi mtu wa Nakuru akishuka Kisumu apae? Nilidhani hivyo. Krismasi ya kwanza nilipoenda nyumbani na saa mpya nilitoka saa tatu asubuhi kuelekea Dunga, kifua mbele, nikijiambia hewa ya chini ni zawadi. Kilomita ya nne nilikuwa 171 kwa mwendo ambao Nakuru hunipa 145. Joto na unyevu wa ziwa hulazimisha moyo kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, huku misuli nayo inadai yake. Jasho nalo likitoka sana, damu inapungua ujazo na moyo unaongeza mapigo ili kufidia. Ndiyo maana hata ukishika mwendo mmoja, mbio ndefu huanza na 140 na kuishia 155. Kisumu toka kabla ya saa kumi na mbili, kunywa maji, na ukubali mwendo utakaopewa. Ndugu zangu wa Nyalenda wanajua. Ni sisi wageni wa baridi tunaojifanya.

Menengai ni hadithi nyingine. Ukingo wa kreta unafika mita 2,278, na kutoka mjini huo ni mpando wa zaidi ya mita 400. Anayeanza kabisa hawezi kuupanda akikimbia akabaki zoni 2. Tembea kwa hatua fupi, mikono magotini ikibidi. Kutembea mlima si kushindwa.

Hatua ya 8: Mtihani wa mwezi

Hiki ndicho kipimo cha maendeleo ninachokiamini. Njia ile ile, siku ile ile ya wiki, saa ile ile, kiatu kile kile. Pasha mwili moto, kisha kimbia kilomita 5 ukishikilia mapigo mamoja, tuseme katikati ya zoni 2 yako, na uone inachukua muda gani. Andika. Rudi baada ya mwezi.

Daftari langu la mwaka jana: Februari, mapigo 142, dakika 36 na sekunde 40. Machi, 36:05. Aprili, 36:30, mvua na matope. Mei, 34:50. Moyo ule ule, mapigo yale yale, karibu dakika mbili zimepatikana bila kutweta hata siku moja. Utaona Aprili nilirudi nyuma. Usiitupe saa kwa sababu ya mwezi mmoja.

Baada ya mtihani wa pili ongeza siku moja ya kasi kwa wiki: kwa mfano dakika 3 za nguvu zoni 4, dakika 2 za polepole, mara tano. Hapa saa ya mkononi huchelewa. Umeshamaliza kukimbia ndipo inakumbuka kupanda. Ukipenda mazoezi ya namna hii, tafuta mkanda wa kifuani. Huo husoma umeme wa moyo wenyewe, si mwanga. Lowesha sehemu zake za kugusa ngozi kwa maji, au mate kama bomba limekauka, kabla ya kuufunga.

Namba za kutozisujudia

*Kalori.* Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi na kutoa matokeo 2017. Sita kati yake vilisoma mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, hata kile bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kwa hiyo saa ikikwambia umechoma 600, usiagize chapati tatu kwa hesabu hiyo.

*VO2 max.* Ni makadirio ya oksijeni ambayo mwili unaweza kutumia, na saa huyapata kwa kulinganisha mwendo na mapigo. Ukikimbia Menengai au ukishuka Kisumu kwenye joto, mwendo unapungua, mapigo yanapanda, na saa inaamua umezeeka. Kama kiwango cha juu ulichoweka si sahihi, na hii nayo si sahihi. Itazame kwa miezi, si kwa siku.

*Saa za kupumzika.* "Mwalimu, imeniambia nipumzike saa 72, na Jumapili kuna mbio za kanisa." Kama miguu ni mizima na mapigo ya asubuhi yako mahali pake, nenda kakimbie na kanisa lako.

Mambo yakienda kombo

*Nakimbia polepole lakini inaonyesha 170 na zaidi, tena haitikisiki.* Saa imeacha moyo na inahesabu hatua zako. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, na mtikisiko huo huizidi nguvu ishara ya damu. Mimi niliishi na 174 yangu miezi miwili nikidhani nina moyo wa ajabu. Simama, kaza mkanda, isogeze juu, subiri ishuke, endelea. Ikirudia, hesabu shingoni.

*Ni namba kubwa kweli, na shingoni pia ni hivyo.* Simama. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzirai, au mapigo yanayokimbia na kukatika ukiwa umetulia, hiyo ni safari ya hospitali leo, si ya kesho. Na usijifariji kwa kuwa saa inaonyesha namba nzuri.

*Mapigo yanatokea na kupotea.* Uchafu, mafuta, jasho lililokauka au mkanda. Osha mgongo wa saa kwa maji safi na uukaushe.

*Umbali wangu na wa mwenzangu hautoshani.* Kwenye kilomita 10, mita 100 au 200 ni kawaida. Miti mirefu ya msitu na majengo ya mjini huzuia satelaiti. Uwanjani kwenye raundi za mita 400 GPS hupoteza zaidi. Hesabu raundi kwa kichwa, au tumia mpangilio wa uwanjani kama saa inao.

*Haiongei na simu.* Zima Bluetooth na uiwashe tena, kisha saa, kisha simu. Ikishindikana, nenda kwenye mipangilio ya betri ya simu uiruhusu programu ya saa ifanye kazi nyuma ya pazia. Simu nyingi huziua programu ili kuokoa chaji, kisha lawama inaiendea saa.

*Ngozi inawasha.* Iondoe siku mbili, osha mkanda kwa sabuni laini, badilisha mkono. Usilale nayo ikiwa mbichi.

*Betri inaisha upesi.* GPS ndiyo inayokula. Zima skrini inayowaka muda wote, na chaji kabla ya siku ya mbio ndefu. Stima haikupi taarifa ikiondoka.

*Haichaji kabisa.* Tazama vile vidoti vya chuma mgongoni. Vikiwa na kutu ya kijani, visugue kwa mswaki wa zamani wenye spiriti kidogo, viache vikauke, ujaribu tena. Ukitoka mbioni ifute kavu kabla ya kuigusisha kwenye chaja, maana jasho na umeme vikikutana hapo ndipo vinapokula hivyo vidoti.